Ufa Chini ya Goma: Historia ya Kupima Ardhi Inayopanda na Kushuka



Leo nakuomba tuvuke pamoja Ziwa Tanganyika, tupande kaskazini kwa mwendo wa fikra hadi tufike Ziwa Kivu, katika mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchi hiyo si jirani tu kwa ramani. Tangu mwaka 2022 ni mwanachama mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya kituo cha basi na ya nyumba nyingi za Goma. Ukifika huko na Kiswahili unachojifunza darasani, utasikilizana na watu, ijapokuwa masikio yako yatahitaji siku mbili tatu kuzoea lafudhi yao.

Bila shaka umekwisha kujifunza methali isemayo, “Usipoziba ufa, utajenga ukuta.” Wanafunzi wangu huieleza vizuri: tatizo dogo lisipotatuliwa mapema huzaa tatizo kubwa. Hata hivyo, upo ufa mmoja ambao hakuna fundi awezaye kuuziba, nao ni Bonde la Ufa. Tawi lake la magharibi hupita katika Ziwa Tanganyika na Ziwa Kivu, na katika eneo la Kivu pande zake mbili huachana kwa milimita chache tu kila mwaka. Ufa huo hauzibiki, lakini unapimika. Makala hii inasimulia jinsi binadamu alivyojifunza kuupima, na kwa nini kipimo hicho kidogo ni suala la uhai kwa ndugu zetu wa Goma.

Mlima na mji

Kaskazini mwa Goma, umbali upatao kilomita 15 hadi 20, umesimama mlima wa volkano uitwao Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470. Mwanafunzi wa historia ya Tanzania ana sababu ya kulikumbuka jina la Mzungu wa kwanza kuupanda na kuacha maandishi juu yake. Alikuwa Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen, aliyeanza safari yake Pangani, katika pwani yetu, mwishoni mwa mwaka 1893, akafika Kivu mwaka 1894. Ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia mwaka 1901 hadi 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji, na meli tunayoiita Liemba katika Ziwa Tanganyika ilizaliwa ikiwa na jina lake. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakiujua mlima huo na moto wake vizazi vingi kabla yake.

Baada ya wasafiri walikuja wachora mipaka. Mwaka 1910 wajumbe wa Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza walikutana Brussels wakakubaliana juu ya mipaka ya eneo la Kivu na milima ya Virunga. Hivyo Goma ikabaki upande wa Kongo na Gisenyi upande wa Rwanda, miji miwili inayogusana kama nyumba zinazotumia ukuta mmoja. Ardhi iliyo chini yake haikualikwa katika mkutano huo. Hadi leo tetemeko linapotokea, nyumba hupasuka pande zote mbili za mpaka.

Siku tatu ambazo Goma haizisahau

Ya kwanza ni tarehe 10 Januari 1977. Ndani ya shimo la Nyiragongo huwa kuna ziwa la lava, yaani mwamba ulioyeyuka. Siku hiyo ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa lote likamwagika kwa muda usiozidi saa moja. Lava ya mlima huu ni nyepesi isivyo kawaida, nayo ilishuka kwa kasi inayokadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa katika miteremko mikali. Hakuna mwenye miguu awezaye kuikimbia kasi hiyo. Watu wengi wa vijiji vya chini ya mlima walipoteza maisha.

Ya pili ni tarehe 17 Januari 2002. Nyufa zilifunguka kutoka ubavu wa kusini wa mlima hadi pembezoni mwa mji. Lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikateketeza maduka na makazi, ikaingia Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka na kuingia Gisenyi wakiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Watafiti wachache wa Kituo cha Volkano cha Goma, wakiwa na vifaa vichache vya kupimia matetemeko na katika nyakati za vita, walikuwa wametoa tahadhari kabla ya siku hiyo. Vifaa vyao vilikuwa vikisikia mtikisiko wa ardhi. Kilichokosekana wakati ule ni vifaa vya kuona ardhi hiyo ikivimba au kusinyaa.

Hapa pana jambo ninalopenda kuwasimulia wanafunzi. Baada ya mlipuko wa 2002, watu wa pwani ya kaskazini ya Ziwa Kivu waliona maji yakipanda kwenye fukwe zao. Je, ziwa lilikuwa limejaa? La. Maji ya ziwa hutulia katika usawa mmoja pande zote, kama chai ndani ya kikombe. Iwapo yanaonekana kupanda upande mmoja tu, basi ni ufukwe wa upande huo ulioshuka. Watafiti wakalifanya ziwa lenyewe kuwa pima maji, kile kifaa cha fundi mwashi chenye tone la hewa. Walipima usawa wa maji sehemu mbalimbali za ufukwe wakagundua kwamba ardhi ya upande wa kaskazini ilikuwa imedidimia kwa makumi ya sentimita. Bonde la Ufa lilikuwa limejinyoosha, na sakafu yake ikashuka.

Siku ya tatu tutaifikia baadaye. Kwanza hatuna budi kujua jinsi kipimo kilivyohama kutoka ziwani kwenda angani.

Kutoka vilimani hadi angani

Kabla ya setilaiti, ardhi ilipimwa kwa macho, minyororo na subira. Kuanzia mwaka 1879, mwanaastronomia David Gill, aliyekuwa Rasi ya Tumaini Jema, alikuza wazo la kupima mstari mmoja mrefu kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, ukifuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Wapimaji walipanda kilele kimoja, wakatazama kilele cha pili na cha tatu, wakapima pembe, kisha wakahesabu umbali. Pembetatu moja ilizaa nyingine. Mstari huo ulipita Uganda na magharibi mwa Tanganyika, na haukukamilika hadi mwaka 1954. Nyuma ya kila pembetatu walikuwapo wapagazi waliobeba vyuma vizito hadi vileleni, ambao majina yao hayamo vitabuni. Ramani nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda zimechorwa kwa msingi uliotokana na kazi hiyo, msingi ambao wapima ardhi huuita Arc 1960.

Kazi ile ilikuwa kubwa, ila ilikuwa na upungufu mmoja kwa shida ya Goma. Ilipima mahali kitu kilipo, kwa kudhani kwamba kilele cha leo kitakuwa pale pale kesho. Ardhi ilihesabiwa kuwa imetulia.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza ya binadamu. Nchini Marekani, watafiti William Guier na George Weiffenbach walisikiliza mlio wake redioni wakatambua jambo la manufaa. Mlio ulikuwa ukibadilika kidogo setilaiti inapokaribia na inapokwenda zake, kama honi ya basi inavyobadilika linapokupita barabarani. Kwa mabadiliko hayo waliweza kujua setilaiti ilipo. Mwenzao Frank McClure akaligeuza swali: ikiwa tunajua setilaiti ilipo, je, hatuwezi kujua sisi tulipo? Kutokana na swali hilo ulizaliwa mfumo uitwao Transit, uliosaidia nyambizi za Marekani kuanzia miaka ya 1960. Tarehe 22 Februari 1978 ikarushwa setilaiti ya kwanza ya mfumo wa GPS, na mwaka 1995 mfumo huo ukatangazwa kuwa umekamilika.

Mfumo huu ulikuwa wa jeshi. Kwa miaka mingi raia walipewa mawimbi yaliyopunguzwa usahihi kwa makusudi, hadi Rais Bill Clinton wa Marekani alipoamuru upunguzaji huo ukome mwanzoni mwa Mei 2000. Leo iko mifumo mingine pia: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China.

Afrika Mashariki nayo imo katika historia ya anga. Huko Ngomeni, karibu na Malindi nchini Kenya, Italia ilijenga jukwaa la kurushia roketi baharini, liitwalo San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza nyota. Ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ukiulizwa kama lugha yako imewahi kufika angani, una jibu.

Jinsi milimita inavyopatikana

Pengine utauliza: simu yangu hunionyesha barabara, lakini wakati mwingine huniweka ndani ya nyumba ya jirani. Itawezaje kupima milimita? Swali lako ni zuri, nami nitalijibu hatua kwa hatua.

Setilaiti za GPS huizunguka dunia zikiwa kimo cha kilomita zipatazo 20,200. Kila moja imebeba saa ya atomu, na hutangaza bila kukoma saa yake na mahali ilipo. Kipokezi chako hutazama wimbi limechukua muda gani kufika, kisha huzidisha muda huo kwa kasi ya mwanga, ambayo ni takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Jawabu ni umbali. Kwa kuwa saa ya kipokezi si sahihi kama ya setilaiti, zinahitajika setilaiti nne kwa uchache: tatu kwa ajili ya mahali, na ya nne kwa ajili ya kurekebisha saa.

Sasa fikiri. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja, umbali unakosewa kwa sentimita 30. Kwa hiyo simu hukosea mita kadhaa, na hilo halitudhuru tukitafuta duka la dawa. Mpimaji wa volkano hutumia njia nyingine. Yeye hauangalii ujumbe ulioandikwa juu ya wimbi, bali wimbi lenyewe. Wimbi kuu la GPS lina urefu wa sentimita 19 hivi kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Chombo kizuri huweza kutambua sehemu ndogo mno ya urefu huo, karibu moja kwa mia, nayo ni milimita mbili. Ni sawa na kumpima mtu kwa rula yenye vistari vya milimita badala ya kumpima kwa hatua za miguu.

Yapo mengine yanayovuruga kipimo. Tabaka la juu la angahewa, lenye chembe za umeme, huchelewesha mawimbi. Ndiyo maana setilaiti hutuma mawimbi ya marudio zaidi ya moja, ili kwa kuyalinganisha ucheleweshaji huo ukokotolewe na kuondolewa. Mvuke wa maji nao huchelewesha, na katika nchi zetu za joto mvuke huo ni mwingi na hubadilika kila saa. Dawa yake ni subira. Antena husimikwa juu ya nguzo imara iliyozamishwa katika mwamba, ikaachwa hapo usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Vipimo vya siku nzima hukusanywa kupata jawabu moja la siku hiyo. Haba na haba hujaza kibaba.

Zingatia jambo moja zaidi: kupanda na kushuka ni kugumu kupima kuliko kusogea pembeni. Sababu yake ni rahisi. Setilaiti ziko kaskazini mwako, kusini, mashariki na magharibi, hivyo makosa ya upande huu husahihishwa na upande ule. Lakini kuhusu kimo, zote ziko juu yako. Hakuna hata moja inayokutazama kutoka chini ya ardhi. Kwa hiyo kosa la kimo huwa kubwa mara mbili au tatu kuliko la pembeni. Mtafiti anayedai kwamba mlima umevimba kwa sentimita moja lazima awe amesubiri na kuhakiki kabla ya kufungua kinywa chake.

Kwa nini mlima uvimbe? Magma, yaani mwamba ulioyeyuka ulio bado chini ya ardhi, inapojikusanya huisukuma ardhi juu, kama hamira inavyoinua unga wa maandazi. Inapoondoka, ardhi husinyaa. Inapojipenyeza wima ndani ya ufa, hujenga kitu kama ukuta mwembamba wa moto: ardhi ya pande mbili husukumwa kuachana, na ardhi iliyo juu ya ukuta huo hudidimia. Mtu aliyesimama hapo haoni kitu. Antena huona.

Kuanzia mwaka 2009, Kituo cha Volkano cha Goma pamoja na washirika wake kutoka Ulaya, wakiwamo wa Luxembourg, walianza kusimika mtandao wa vipokezi vya kudumu kuizunguka milima ya Virunga na Ziwa Kivu. Pamoja na hivyo zilitumika picha za rada kutoka angani. Rada huona eneo zima, lakini ni pale tu setilaiti yake inapopita. Kipokezi huona nukta moja tu, lakini hakifumbi macho. Kimoja hukamilisha kingine.

Siku ya tatu: 22 Mei 2021

Ilikuwa Jumamosi. Jioni, mbingu ya Goma iligeuka nyekundu. Nyiragongo ilikuwa imepasuka tena, na lava ilikuwa ikishuka kuelekea mji, ikiikata barabara iendayo Rutshuru. Usiku kucha watu walitembea, wengine kuelekea Rwanda, wengine magharibi kuelekea Sake. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, ikiwa imeteketeza maelfu ya nyumba. Watu zaidi ya 30 walifariki.

Swali ambalo kila mtu aliuliza ndilo unalojiuliza wewe sasa. Vipokezi vilikuwapo, mbona havikusema?

Jibu ni chungu, lakini lina mafunzo. Watafiti walipochambua vipimo baadaye, hawakuona uvimbe wa ardhi kabla ya mlipuko ambao ungeweza kuwaonya. Dalili zilizo wazi, za matetemeko na mngurumo, zilitokea chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Magma haikuhitaji kupanda kutoka mbali na kuivimbisha ardhi, kwa maana tayari ilikuwa juu, ndani ya mlima, ikingoja. Ukuta wa mlima ndio ulioshindwa. Fikiri juu ya ndoo iliyojaa maji kwa miaka: siku inapotoboka hakuna aliyeongeza tone, ila maji humwagika vilevile.

Jambo la pili lazima nilitaje kwa kuwa makala hizi ni za uraia. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba katika miezi iliyotangulia mlipuko, kituo kilipungukiwa fedha baada ya ufadhili wa nje kumalizika, hata intaneti ya kupokelea vipimo ikakatika kwa muda. Hatuwezi kusema kwamba intaneti ingeuzuia mlipuko, au hata kwamba ingeutabiri. Tunaweza kusema kwamba mji wa mamia ya maelfu ya watu, uliokaa chini ya mlima wa moto, haupaswi kutegemea fadhila ya mfadhili ili ujue kinachotokea chini ya sakafu zake.

Hata hivyo hadithi ya vipokezi haikuishia Jumamosi ile. Siku zilizofuata matetemeko yaliendelea, mamia kwa mamia, mitaa ya Goma na Gisenyi ikapasuka. Hapo vipimo vilitoa habari iliyomfanya kila mtafiti ashike kichwa. Vituo vya pande mbili za mji vilikuwa vikiachana, na rada ikaonyesha sura ile ile: ukuta wa magma ulikuwa umejipenyeza kuelekea kusini, chini ya mji wenyewe, hadi chini ya Ziwa Kivu. Kileleni, hatari ilikuwa imetulia. Chini ya miguu ya watu, ilikuwa imeanza.

Kwa nini ziwa liogopwe? Kwa sababu kilindi cha Ziwa Kivu kimehifadhi gesi nyingi mno, ya kaboni dioksidi na ya methani, zilizoyeyuka ndani ya maji. Mwaka 1986 ziwa dogo la Nyos nchini Kamerun lilitoa ghafla gesi yake ya kaboni dioksidi usiku, na watu wapatao 1,700 wakafa kwa kukosa hewa. Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara nyingi sana. Hakuna aliyetaka kujaribu kuona lava ikipasukia chini ya maji yale.

Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2021, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Constant Ndima, alitangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe. Watu wapatao laki nne waliondoka. Walikwenda Sake kwa miguu, Bukavu kwa boti, Rwanda kwa njia yoyote iliyopatikana. Wagonjwa walibebwa. Watoto walipotezana na wazazi wao njiani. Sake haikuwa na maji wala vyoo vya kuwatosha.

Na mlipuko wa pili haukutokea. Ukuta wa magma ulisimama ndani ya ardhi, ukapoa. Mwezi Juni serikali ilianza kuwarudisha watu kwa awamu.

Je, tahadhari ile ilikuwa kosa?

Msomaji wangu, hapa ndipo ninapotaka utulie kidogo. Ni rahisi kusema kwamba watu laki nne walihangaishwa bure. Mama aliyelala nje Sake siku kumi ana haki ya kulalamika, nami singethubutu kumwambia kwamba mateso yake yalikuwa madogo. Lakini fikiri juu ya kiongozi aliyeamka usiku ule akiwa na karatasi mbili mezani. Moja inasema kwamba magma iko chini ya mji, kina chake hakifiki kilomita moja. Nyingine ni tupu, maana hakuna awezaye kumwambia kama itapanda au itapoa. Kipimo humwonyesha kilichopo, wala hakimwahidi kitakachokuja. Uamuzi unabaki kuwa wa binadamu.

Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwa kuwa kosa la kuhama bure hurekebishika na kosa la kubaki halirekebishiki. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, hawakusema tahadhari baada ya uhakika. Lawama, kama ipo, iende kwa yale yaliyokosekana kabla: barabara za kutorokea, maji ya Sake, na taarifa zinazowafikia watu kwa lugha yao mapema, si alfajiri watu wakiwa usingizini. Setilaiti iliyo kilomita 20,200 juu ilifanya kazi yake. Kilichochechemea ni safari fupi ya habari kutoka ofisi moja hadi mlango wa nyumba.

Na kwetu?

Usidhani jambo hili ni la Kongo peke yake. Julai 2007 mfululizo wa matetemeko uliitikisa kaskazini mwa Tanzania, karibu na mlima Gelai, na mtikisiko ukasikika hadi Nairobi. Vipimo vya rada vilionyesha kwamba magma ilikuwa imejipenyeza chini ya ardhi, kama ilivyokuja kutokea Goma. Miezi michache baadaye mlima wa jirani, Ol Doinyo Lengai, mlima mtakatifu wa Wamasai, ulianza kulipuka kwa nguvu. Leo vipo vipokezi kuuzunguka mlima huo, na wataalamu wa Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam ni miongoni mwa wanaofuatilia vipimo vyake.

Kipokezi cha namna hiyo, ukikiona, hakitakuvutia. Ni nguzo fupi, antena mfano wa sahani iliyofunikwa, kisanduku, betri na paneli ya sola. Anayeiba betri ile anapata mwanga wa wiki kadhaa nyumbani kwake, na anakifumba jicho la wilaya nzima. Anayeng'oa bikoni ya wapima ardhi akidhani imefukiwa zebaki au dhahabu ya Mjerumani anafuta kumbukumbu ambayo iliwachukua watu miaka kuiandika. Kuvilinda vitu hivyo ni wajibu wa raia, sawa na kulinda kisima cha kijiji.

Nilianza na methali, na sasa naweza kuirudia kwa maana iliyopanuka. Ufa wa Goma hautazibwa. Chini ya mji, ardhi yenyewe imekwisha kujenga ukuta wake. Tuwezacho ni kuutazama ufa kila siku, kuuliza ni nani anayelipia macho hayo, na kuhakikisha kwamba kinachoonekana kinamfikia aliyelala karibu nao.

Maswali ya kutafakari

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini maji ya Ziwa Kivu yalionekana kupanda upande wa kaskazini baada ya mlipuko wa 2002.

2. Kwa nini ni vigumu zaidi kwa setilaiti kupima kimo kuliko kupima kusogea pembeni?

3. Ungekuwa kiongozi wa Goma alfajiri ya 27 Mei 2021, ungeamua nini? Andika tangazo fupi la Kiswahili sanifu, lisilozidi maneno 60, ambalo bibi asiyejua kusoma angelielewa likisomwa redioni. Kisha msomee mtu wa nyumbani kwako, umwulize amesikia nini.